Kura ya Hila katika Nyumba ya Jirani



Ziko hila ambazo mtu akizifanya huona haya, akatafuta giza. Na ziko nyingine ambazo mtu huzifanya mchana, tena akajisifu kwazo mbele ya wenzake, kwa sababu sheria haimkatazi. Hila ninayoipinga katika makala hii ni ya namna ya pili. Ni hila ya mpiga kura aingiaye katika uchaguzi wa ndani wa chama asichokipenda, akampigia kura yule amwonaye kuwa mbaya kuliko wagombea wote, akitumaini kwamba huyo mbaya atashindwa kwa urahisi siku ya uchaguzi mkuu. Wafanyao hivyo hujiita werevu. Mimi nasema kwamba werevu wao ni upumbavu, na kwamba kura yao ni uongo uliotiwa sandukuni.

Nchi ambayo hila hii imesikika zaidi ni Marekani, kwa hiyo mifano yangu yote nitaitoa huko. Lakini msomaji asiseme, "Hayo ni mambo ya watu wa mbali." Moyo wa mwanadamu ni mmoja, na kila penye sanduku la kura, liwe la taifa au la chama cha ushirika, jaribu hili lipo.

Kwanza yafaa tuifahamu desturi yenyewe. Zamani huko Marekani wagombea wa vyama walitolewa na wakubwa wa chama. Wakubwa walikutana, wakapatana, na watu wakaletewa jina lililokwisha kukatwa shauri. Wananchi wengi walichukizwa na jambo hilo. Katika jimbo la Wisconsin gavana Robert La Follette aliipigania sheria mpya, ikapitishwa mwaka 1903, na wapiga kura wenyewe wakaithibitisha mwaka 1904: kwamba wagombea wa vyama wachaguliwe na watu kwa kura. Baadaye desturi hiyo ikaenea nchi nzima. Uchaguzi huo utanguliao uchaguzi mkuu ndio tuuitao kura za mchujo. Na katika Tanzania watu wameuzoea zaidi kwa jina la kura za maoni.

Ndipo likazuka swali: Nani aruhusiwe kupiga kura hiyo? Majimbo hayakujibu namna moja. Katika New York na Pennsylvania mlango umefungwa. Mtu asiyeandikishwa kuwa wa chama hapigi kura ya mchujo ya chama hicho. Katika Wisconsin mlango u wazi. Kila mpiga kura huchagua mwenyewe, tena kwa siri, kwamba leo atapiga kura ya mchujo ya Democratic au ya Republican, ila hawezi kupiga zote mbili. Katika Texas nako mlango u wazi, walakini mtu hutaja chama mezani, na akiisha kupiga kura ya chama kimoja hawezi kuhamia chama kingine katika duru ya pili ya mwaka ule ule.

Basi mlango ukiwa wazi, huingia mgeni mwema, na mwizi huingia papo hapo. Wako watu ambao, kwa kumchukia mwizi, humlaani na mgeni. Mimi si mmoja wao. Tukitaka kumhukumu mwenye hila kwa haki, hatuna budi kwanza kumtenga na yule asiye na hatia.

Tazameni mambo ya Texas. Kwa miaka mingi chama cha Democratic kilikuwa na nguvu huko hata aliyeshinda mchujo wake alikuwa amekwisha kushinda kila kitu. Uchaguzi mkuu ulikuwa kama kutia muhuri barua iliyokwisha kuandikwa. Na chama hicho kiliwafungia watu weusi mlango wa mchujo. Waliachiwa kura ya uchaguzi mkuu, ambayo haikuamua neno. Mtu mweusi mmoja, Lonnie Smith, mganga wa meno wa mji wa Houston, alikataa kunyamaza. Shauri lake lilifika katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na miongoni mwa mawakili wake alikuwamo Thurgood Marshall. Mwaka 1944 mahakama iliamua, majaji wanane kwa mmoja, kwamba mtu asizuiwe kupiga kura ya mchujo kwa ajili ya rangi yake. Hapo twajifunza neno kubwa: mahali ambapo mchujo wa chama kimoja ndio uchaguzi wa kweli, mwananchi atakayo kuingia humo haendi kuiba. Anaidai sehemu yake katika serikali itakayomtawala.

Tazameni tena jimbo la Mississippi mwaka 2014. Thad Cochran, mzee aliyekuwa katika Seneti kwa miaka mingi, alipingwa ndani ya chama chake cha Republican na Chris McDaniel. Katika duru ya kwanza McDaniel alitangulia kwa kura chache, lakini hakupata nusu. Ikaitishwa duru ya pili mwezi wa Juni, na wapiga kura wengi weusi, ambao kwa kawaida ni watu wa Democratic, wakaenda kumpigia Cochran. Akashinda kwa kura karibu 7,700. Watu wa McDaniel wakapiga kelele kwamba wameibiwa. Je, waliibiwa? Wale waliokwenda walijua kwamba katika jimbo lile Republican ndiye atakayekaa katika kiti kile karibu kwa hakika. Wakajiuliza, "Kati ya hawa wawili, ni nani tutakayeweza kuishi naye?" Wakamchagua huyo, naye alishinda mwezi wa Novemba, akawawakilisha. Kura yao ilisema kweli. Ilisema, "Tunamtaka huyu kuliko yule," na kweli walimtaka huyu kuliko yule.

Sasa mtazameni mwenye hila. Yeye naye huingia katika nyumba ya jirani, naye huchukua karatasi ile ile. Lakini kura yake husema, "Namtaka huyu," na moyo wake husema, "Huyu simtaki hata kidogo, ndiyo maana nimemchagua." Hapa kinywa na moyo vimeachana. Shahidi akisimama barazani akasema neno ambalo si la moyoni mwake, twamwitaje? Je, jina hilo litabadilika kwa sababu ushahidi wake umeandikwa kwa alama katika karatasi?

Mfano uliosikika sana ni wa mwaka 2008. Chama cha Republican kilikuwa kimekwisha kumpata mgombea wake, John McCain, lakini upande wa Democratic Barack Obama na Hillary Clinton walikuwa bado wakishindana. Rush Limbaugh, mtangazaji maarufu wa redio aliyefariki mwaka 2021, aliwahimiza wasikilizaji wake wa Republican waingie katika mchujo wa Democratic na kumpigia Clinton. Hakumpenda Clinton, kwa miaka mingi alikuwa akimshambulia. Alitaka tu ugomvi wa jirani uendelee, ili waumizane. Shughuli hiyo akaiita kwa jina lenye maana ya vurugu, wala hakuona haya.

Matokeo yakawa nini? Clinton alishinda Indiana kwa kura chache, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika ni ngapi zilikuwa za hila. Lakini Obama ndiye aliyeteuliwa. Na kwa kuwa mashindano yale yalidumu muda mrefu, Obama na watu wake walilazimika kwenda Indiana, kufungua ofisi, kuandikisha wapiga kura, na kubisha milango ambayo mgombea wa Democratic kwa kawaida hakuijali. Mwezi wa Novemba Obama alimshinda McCain, akaichukua na Indiana, jimbo ambalo Democratic hawakuwa wamelichukua katika uchaguzi wa rais tangu mwaka 1964. Sisemi kwamba hila ile peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Nasema kwamba aliyetaka kumdhoofisha jirani alimsaidia kufanya mazoezi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Najua watetezi wa hila watajibu: "Siasa ni mchezo, na katika mchezo mtu hutafuta mpinzani dhaifu." Nawaomba walifikiri neno hilo mpaka mwisho wake. Kama vijana wa kijiji cha mlimani wangeruhusiwa kumchagua mlinda lango wa kijiji cha bondeni, bila shaka wangemchagua yule asiyeweza kudaka hata embe likimwangukia kifuani. Mpira ukiisha, mlinda lango huyo hurudi kwao bondeni, wala mlimani hawamwoni tena. Lakini katika uchaguzi mambo sivyo. Mlinda lango uliyemchagua kwa kuwa hafai, akidaka siku hiyo kwa bahati, hatarudi kwao. Atakuja kwako. Ataamua kodi yako, na shule ya watoto wako, na amani au vita vya nchi yako. Tena heri kumfananisha na nahodha wa jahazi, ambalo wewe mwenyewe umo ndani yake na mizigo yako. Ni nani mwenye akili atakayewashauri mabaharia wampe usukani asiyejua mwamba ulipo, ati ili jahazi likipanda mwamba, watu wamchague nahodha mwingine?

Hapo ndipo penye upumbavu wa hila hii. Mwenye hila hujidai kujua mambo mawili ambayo mwanadamu hapewi kuyajua kwa hakika: kwamba huyu ndiye dhaifu, na kwamba dhaifu hatashinda. Waraka mmoja ulioandikwa mwaka 2015 katika kundi la kampeni ya Hillary Clinton, ukaja kujulikana na watu wote mwaka 2016, ulishauri kwamba baadhi ya wagombea wa Republican walioonekana kuwa wa mwisho kabisa wa upande wao wakuzwe, ili chama chao kionekane kimekwenda mbali na watu. Waliotajwa walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Donald Trump. Sidai kwamba waraka ule ndio uliompa Trump uteuzi. Watu wa chama chake walimpa wenyewe, tena kwa mamilioni ya kura. Lakini yatazameni mawazo yaliyo ndani yake. Walimhesabu kuwa mpinzani wa kutamaniwa. Na mwezi wa Novemba 2016 mpinzani huyo wa kutamaniwa akashinda urais. Basi kama mabingwa wa kampeni, wenye fedha na hesabu na wataalamu, hawakuweza kumjua aliye dhaifu, mpiga kura wa kawaida atamjuaje?

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo na nguvu kuliko zote, maana si haki kuikwepa. Husema, "Wewe umechagua mifano ya kushindwa. Mbona mara nyingine hila yafaulu?" Ni kweli, yafaulu. Mwaka 2012 Claire McCaskill, seneta wa Democratic katika Missouri, alitumia dola zipatazo milioni 1.7 kwa matangazo ambayo kwa juu yalimshutumu Todd Akin kuwa amezidi mno katika upande wake, lakini kwa ndani yalimpendekeza kwa wapiga kura wa Republican. Akin akashinda mchujo; halafu akatamka maneno ya aibu juu ya wanawake walionajisiwa, na Novemba akashindwa. McCaskill mwenyewe aliyasimulia hayo baadaye katika kitabu chake cha mwaka 2015. Hila ni ile ile, ila badala ya kura zilitumika fedha.

Mwaka 2022 jambo kama hilo lilitendeka Michigan. Peter Meijer wa Republican alikuwa mmoja wa watu kumi tu wa chama chake katika Baraza la Wawakilishi waliopiga kura, mwezi wa Januari 2021, kwamba Trump ashtakiwe kwa ajili ya fujo zilizotokea katika jengo la Bunge. Kura ile ilimgharimu mapenzi ya wengi nyumbani kwake. Akapingwa na John Gibbs, aliyeyatia mashaka matokeo ya uchaguzi wa 2020. Kamati ya Democratic ikalipa zaidi ya dola 400,000 kwa matangazo yaliyomkuza Gibbs. Gibbs akamshinda Meijer katika mchujo, na Novemba Hillary Scholten wa Democratic akamshinda Gibbs. Kiti kikapatikana. Hila ikafaulu.

Lakini nauliza: ilifaulu kufanya nini? Watu wa Democratic walikuwa wakisema nchi nzima kwamba Republican wenye ujasiri wa kumpinga kiongozi wao ni wachache mno. Kisha, walipompata mmoja, walilipa fedha ili aondolewe, kwa sababu mtu mwema ni mgumu kushindwa. Je, Republican mwingine, atakapojaribiwa siku ya pili kati ya dhamiri yake na kiti chake, atajifunza nini katika habari ya Meijer? Atajifunza kwamba akisimama katika kweli, wenzake watampiga mbele na wapinzani watampiga nyuma. Na wale walioonya kwamba Gibbs ni hatari, ni nani atakayewaamini tena? Kama ni hatari, mbona mmemlipia? Na kama si hatari, mbona mwatutisha? Mtu hawezi kupiga mbiu ya moto huku ameshika kijinga mkononi. Walishinda kiti kimoja, wakapoteza neno lao; na chama kisichokuwa na neno hakina mali iliyobaki.

Liko na dhara la tatu, nalo huwapata wasio na hatia. Mwenye hila akiisha kuingia kwa mlango ulio wazi, wenye nyumba huufunga, na atakayebaki nje ni mgeni mwema. California wananchi walikubali mwaka 1996 mchujo ulio wazi kabisa, ambao mpiga kura aliweza kuchagua kwa kila kiti mgombea wa chama chochote. Vyama vikashtaki, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu, majaji saba kwa wawili, iliutengua mpango huo, ikishika kwamba chama kina haki ya kutolazimishwa kuchaguliwa mgombea na watu wasio wake. Wyoming nako, mwaka 2022, watu wengi wa Democratic walijiandikisha Republican ili wampigie Liz Cheney. Hao hawakuwa wenye hila. Walimtaka kweli kuliko mpinzani wake, kama wale wa Mississippi. Cheney alishindwa vibaya, hata theluthi moja ya kura hakupata. Juu ya hayo, mwaka 2023 jimbo lilitunga sheria kwamba mtu asibadili chama tangu wagombea waanzapo kujiandikisha mwezi wa Mei mpaka mchujo wa Agosti uishe. Waliotaka mlango ufungwe walikuwa na hoja iliyo tayari: wageni wanawachagulia wenyeji. Hoja hiyo ingekuwa dhaifu kama pasingalikuwapo watu waliojisifu redioni kwamba wageni huingia ili kuharibu. Hivyo mwerevu mmoja huwafungia mlango watu mia wanyofu.

Mwisho wako wasemao, "Lakini sheria yaruhusu." Na iruhusu. Sheria haiwezi kukaa ndani ya kifua cha mtu. Mississippi wana sheria isemayo kwamba mtu asishiriki mchujo wa chama ila akiwa na nia ya kumwunga mkono atakayeteuliwa. Na kila mtu ajua kwamba haiwezekani kumpima mpiga kura nia yake mlangoni. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa mahakama na mabunge. Sanduku la kura limefunikwa ili mwenye nguvu asimtishe mnyonge; halikufunikwa ili mwongo apate pa kujificha. Tulipopewa siri, tulipewa na amana pamoja nayo.

Basi nini tufanye, sisi tusomao habari za watu wengine ili tupate akili kwa mambo yetu? Tunachagua wenyeviti wa ushirika, kamati za shule, madiwani na wabunge. Na mara kwa mara atatokea mtu wa kunong'ona njiani: "Tumpe huyu mlevi, ili kamati ivunjike, halafu zamu iwe yetu." Au, "Mkamchague yule asiyejua hesabu katika upande wao, tutamshinda kwa urahisi." Mtu huyo akikujia, usimjibu kwa hasira. Mwulize neno moja tu: "Akishinda je?" Mwache alijibu mpaka mwisho. Mwulize ni nani atakayeshika fedha za kahawa mwaka huo, na ni mtoto wa nani atakayekaa bila mwalimu wakati sisi tunangoja zamu yetu.

Na kwa kila mwenye kura, popote alipo, iwe katika chama chake au katika chama cha jirani ambacho mlango wake u wazi, nashauri kanuni fupi. Usimpe kura mtu ambaye, kesho ukiamka ukasikia ameshinda yote, utalia. Ukiweza kusema, "Huyu si wangu, lakini akinitawala nitavumilia, tena ni afadhali kuliko mwenzake," ingia kwa jirani, piga kura yako bila woga, wala asikuite mtu yeyote mwizi. Lakini kama tumaini lako lote ni kwamba uliyemchagua aanguke, rudisha karatasi mezani, urudi nyumbani. Kura yako ya kweli bado ipo, na siku yake inakuja katika uchaguzi mkuu. Siku hiyo mshinde jirani yako kwa kumtoa mtu aliye bora kuliko wa kwake. Ushindi huo ni mgumu kuupata, najua. Lakini aliyeupata haogopi kueleza jinsi alivyoupata.